Kwa nini Mei Mosi haiadhimishwi katika nchi ilikozaliwa

Msomaji mmoja aliyekulia Morogoro, ambaye sasa anafanya kazi katika ghala la mizigo mjini Chicago, ameniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi, lakini si kutoka kwa mtu anayeishi karibu hivyo na jibu lake. Anasema kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, kila Mei Mosi alivaa fulana mpya na kofia ya chama akaenda uwanjani, na kwamba siku hiyo nyumbani kwao ilipikwa pilau. Huko Chicago, tarehe 1 Mei yeye huingia zamu kama siku nyingine yoyote. Mwenzake wa kazini, raia wa Mexico, amemwambia kwamba sikukuu hiyo ya dunia ilianzia hapo hapo Chicago. Anauliza: je, ni kweli? Kama ni kweli, kwa nini Wamarekani hawaiadhimishi, na hiyo Labor Day yao ya Septemba inakumbuka nini?

Ndugu yangu, mwenzako amekuambia kweli, na si ajabu kwamba aliyekuambia ni mtu wa Mexico, kwa sababu kwao tarehe 1 Mei ni sikukuu ya taifa na wanaokumbukwa siku hiyo bado huitwa kwa jina la mashahidi wa Chicago. Hata hivyo, jibu kamili lina miji mitatu, si mmoja. Tukio lililoipa Mei Mosi uzito wake lilitokea Chicago. Uamuzi wa kuifanya siku ya dunia ulipitishwa Paris. Na Labor Day ya Septemba, iliyoanzia New York, ina umri mkubwa kuliko yote mawili. Watu wengi husimulia kwamba serikali ya Marekani ilibuni sikukuu ya Septemba ili kuifuta Mei Mosi. Simulizi hiyo si ya uongo mtupu, lakini imepindishwa mahali muhimu, na ndiyo maana naomba uvumilie nikikupitisha tarehe kwa tarehe.

Katika miaka ya 1880, mfanyakazi wa kiwandani nchini Marekani alitumika saa 10 hadi 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Dai la saa 8 za kazi lilikuwa la zamani tayari. Waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, walikuwa wamelipata mwaka 1856 kwa kuweka vifaa chini na kuandamana, na baadhi ya majimbo ya Marekani yalikuwa na sheria za saa 8 ambazo waajiri walizipuuza bila kuadhibiwa. Mwaka 1884, shirikisho la vyama vya wafanyakazi ambalo miaka miwili baadaye lilizaa American Federation of Labor (AFL) lilikutana Chicago na kuazimia kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 1886 siku halali ya kazi iwe ya saa 8, sheria itake isitake. Tarehe hiyo haikubeba kumbukumbu ya mtu wala ya vita. Katika miji mingi ya Marekani, mwanzo wa Mei ulikuwa wakati wa kuhuisha mikataba ya pango na ya kazi, kwa hiyo ilikuwa tarehe ambayo kila fundi na kila kibarua aliijua bila kuangalia kalenda.

Tarehe 1 Mei 1886 ilikuwa Jumamosi. Kwa makadirio ya kawaida, wafanyakazi zaidi ya 300,000 waligoma nchi nzima, na Chicago, iliyokuwa kitovu cha vuguvugu hilo, siku ikapita bila damu kumwagika. Damu ilimwagika Jumatatu, tarehe 3, nje ya kiwanda cha McCormick kilichotengeneza mashine za kuvunia nafaka. Kiwanda hicho kilikuwa kimewafungia wafanyakazi wake nje tangu Februari na kuajiri wengine badala yao. Zamu ya hao wapya ilipotoka, waliofungiwa nje wakawavamia, polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua wawili wakafa. August Spies, mhariri wa gazeti la wafanyakazi lililochapishwa kwa Kijerumani, alikuwa akihutubia mkutano karibu na hapo. Aliyaona kwa macho yake, akarudi ofisini kwa hasira na kuandika karatasi ya kuwaita wafanyakazi.

Mkutano wa kupinga mauaji hayo uliitishwa usiku wa Jumanne, tarehe 4 Mei, kwenye Haymarket, soko la majani makavu ya kulishia farasi, na wazungumzaji walisimama juu ya mkokoteni katika mtaa wa Desplaines. Meya wa mji, Carter Harrison, alikuja mwenyewe, akasikiliza, akawaambia maofisa wa polisi kwamba hakuna dalili ya fujo, kisha akaenda zake nyumbani. Mvua ilipoanza kutishia, watu wengi waliondoka, wakabaki mia kadhaa tu. Mzungumzaji wa mwisho, Samuel Fielden, alikuwa akimalizia hotuba yake wakati kikosi cha polisi wapatao 180 kilipowajia kwa safu na kuwaamuru watawanyike. Alijibu kwamba mkutano ni wa amani. Hapo mtu asiyejulikana akarusha bomu katikati ya polisi. Askari mmoja, Mathias Degan, alifariki muda mfupi baadaye, na wenzake sita wakafuata kwa majeraha katika siku na wiki zilizofuata. Polisi walifyatua risasi gizani, baadhi zikawapata wenzao wenyewe, na raia wasiopungua wanne wakauawa. Aliyerusha bomu hilo hajajulikana hadi leo.

Naomba uzingatie tarehe. Watu wengi hudhani kwamba Mei Mosi ni siku ya bomu la Haymarket, lakini bomu lilirushwa tarehe 4. Tarehe 1 ni siku ya mgomo wa saa 8. Kilichofungamanisha siku hizo mbili ni kesi iliyofuata.

Watu wanane walishtakiwa: Spies, Fielden, Albert Parsons, Adolph Fischer, George Engel, Louis Lingg, Michael Schwab na Oscar Neebe. Wote walikuwa waanakisti, yaani watu walioamini kwamba jamii inaweza kuishi bila dola na bila mabwana, na baadhi yao walikuwa wameandika na kusema mambo makali juu ya silaha na baruti. Hilo haliwezi kufichwa. Sita kati yao walikuwa wahamiaji, watano kutoka Ujerumani na mmoja kutoka Uingereza. Wengi wao hawakuwapo hapo bomu lilipolipuka. Parsons alikuwa amekwisha hutubia na kuingia katika ukumbi wa jirani, na Engel alikuwa nyumbani kwake akicheza karata. Upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha kwamba yeyote kati yao alilirusha bomu hilo, wala kumtaja kwa jina aliyelirusha, bali ulijenga hoja kwamba maneno yao ndiyo yaliyomchochea, awe nani. Parsons, aliyekuwa amefichwa salama katika jimbo jirani la Wisconsin, alirudi na kuingia mahakamani kwa miguu yake siku ya kwanza ya kesi ili asimame na wenzake. Katika miaka yote niliyofundisha historia ya vyama vya wafanyakazi, sijawahi kulisimulia jambo hilo darasani bila wanafunzi kunyamaza kimya.

Mwezi Agosti 1886, saba walihukumiwa kunyongwa, na Neebe alipewa kifungo cha miaka 15. Gavana wa Illinois aliwapunguzia adhabu Fielden na Schwab kuwa kifungo cha maisha. Lingg alijiua gerezani siku moja kabla ya kunyongwa. Na tarehe 11 Novemba 1887 Spies, Parsons, Fischer na Engel walinyongwa pamoja. Spies, kofia ya kitambaa ikiwa imekwisha funika uso wake, alisema kwamba utakuja wakati ambapo ukimya wao utakuwa na nguvu kuliko sauti zinazonyongwa leo. Mwaka 1893, gavana mwingine, John Peter Altgeld, naye mzaliwa wa Ujerumani, aliipitia kesi hiyo upya, akaeleza kwa maandishi marefu kwamba hakimu alikuwa na upendeleo, kwamba waamuzi raia walichaguliwa kwa hila na kwamba hatia haikuthibitishwa, akawaachia huru watatu waliosalia. Magazeti yalimshambulia kwa ukali, na alipogombea tena ugavana alishindwa.

Sasa twende Paris. Julai 1889, Ufaransa ikiadhimisha miaka 100 ya mapinduzi yake, wajumbe wa vyama vya kijamaa na vya wafanyakazi kutoka nchi nyingi walikutana huko. Mfaransa Raymond Lavigne alitoa hoja kwamba yaandaliwe maandamano makubwa siku moja katika nchi zote kudai saa 8 kwa sheria. Ilipofika zamu ya kuchagua siku, wajumbe walichukua tarehe 1 Mei 1890 kwa sababu nyepesi: AFL, katika mkutano wake wa Desemba 1888 mjini St. Louis, ilikuwa imekwisha ipanga kuwa siku ya kurudia dai lake. Azimio la Paris halikutaja Haymarket wala walionyongwa, na wala halikusema kwamba maandamano hayo yatafanyika kila mwaka. Lakini wafanyakazi waliotoka mitaani tarehe 1 Mei 1890 kuanzia Ulaya hadi Amerika ya Kusini walikuwa na picha za wale wanne vichwani mwao, na mwitikio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mkutano uliofuata, Brussels mwaka 1891, uliamua siku hiyo iwe ya kila mwaka. Kumbukumbu, kwa maneno mengine, haikuletwa na azimio. Ililetwa na watu walioandamana.

Huko Ufaransa kwenyewe, sikukuu hii ilipata makaburi yake mapema. Tarehe 1 Mei 1891, katika mji mdogo wa viwanda vya nguo uitwao Fourmies, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji na kuua watu tisa, wengi wao vijana.

Nimefika kwenye sehemu ya swali lako ambayo hupotoshwa zaidi, nayo ni Septemba. Maandamano ya kwanza ya Labor Day yalifanyika New York siku ya Jumanne, tarehe 5 Septemba 1882, yaani karibu miaka minne kabla ya Haymarket. Walioyaandaa hawakuwa watu wa serikali, bali ni umoja wa vyama vya wafanyakazi wa mji huo. Mafundi na vibarua wapatao 10,000 waliacha kazi bila malipo, wakaandamana mjini, kisha wakaenda na wake zao na watoto bustanini kula, kunywa na kusikiliza hotuba. Hadi leo kuna mabishano kama aliyelibuni wazo hilo ni Peter McGuire, kiongozi wa maseremala, au Matthew Maguire, fundi mitambo, na kufanana kwa majina yao hakujasaidia. Oregon ikawa jimbo la kwanza kuifanya siku hiyo sikukuu kwa sheria mwaka 1887, na majimbo mengine mengi yakafuata kabla serikali kuu haijafanya lolote.

Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba Septemba ilibuniwa ili kuizika Haymarket. Tena, siku zote mbili zilizaliwa na watu wale wale: mwaka 1890, AFL ilipoanzisha upya mapambano ya saa 8 tarehe 1 Mei, chama kilichochaguliwa kutangulia kilikuwa cha maseremala, chama cha McGuire huyo huyo. Vyama havikuona tatizo kuwa na siku ya madai katika Mei na siku ya mapumziko katika Septemba.

Kilichofanywa na serikali ni kuchagua mojawapo. Na ilichagua wakati gani? Mwaka 1894, tena Chicago. Kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa ya kulala ya treni, ilikuwa imewajengea wafanyakazi wake mji mzima kusini mwa Chicago, ikawa mwajiri wao na mwenye nyumba wao kwa pamoja. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, kampuni ilikata ujira kwa wastani wa robo hivi lakini haikupunguza kodi ya nyumba. Wafanyakazi waligoma tarehe 11 Mei 1894. Mwishoni mwa Juni, chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kiliwaunga mkono kwa kukataa kuhudumia treni yoyote yenye behewa la Pullman, na usafiri wa reli ukakwama katika sehemu kubwa ya nchi. Tarehe 28 Juni, katikati ya mgogoro huo, Rais Grover Cleveland alitia saini sheria ya kuifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai, alipeleka jeshi Chicago kuuvunja mgomo. Debs alifungwa.

Husimuliwa mara kwa mara kwamba Cleveland alitoa sikukuu baada ya kuwaua wagomaji, ili kuwapoza. Mpangilio wa tarehe unakataa hilo: saini ilitangulia wanajeshi. Kwa maoni yangu mpangilio halisi ni mzito zaidi kuliko ule wa simulizi, kwa sababu unaonyesha serikali ikiweza kumheshimu mfanyakazi kwa sheria na kumpelekea askari katika juma moja, bila kuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Mfanyakazi aliyeheshimiwa ni yule wa bustanini mwezi Septemba, pamoja na familia yake. Yule anayesimamisha treni hakuwa na siku.

Baada ya hapo Mei Mosi haikufa ghafla nchini Marekani. Ilidhoofika taratibu. Viongozi wa AFL waliona kwamba siku inayohusishwa na waanakisti, kisha na wasoshalisti, inawaletea uadui, wakaegemea Septemba. Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yalipoifanya Mei Mosi kuwa sikukuu kuu ya dola ya kikomunisti, na magwaride ya Moscow yakawa picha yake mbele ya dunia, tarehe hiyo ikawa ya kutiliwa shaka kabisa. Mwaka 1958, wakati wa Vita Baridi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuifanya tarehe 1 Mei kuwa siku ya kuonyesha utii kwa taifa, na katika mwaka huo huo Rais Eisenhower aliitangaza pia kuwa siku ya kuadhimisha utawala wa sheria. Zote mbili bado zimo katika kalenda rasmi, hakuna anayepewa mapumziko kwa ajili yake, na nadhani wenzako ghalani hawajawahi kuzisikia. Nafasi ya Mei Mosi ilikuwa imejazwa, na hilo lilitosha.

Marekani haikuwa peke yake katika kuishughulikia tarehe hii kwa njia hiyo. Ujerumani ya Hitler ilifanya jambo la kutisha zaidi: mwaka 1933 iliwapa wafanyakazi Mei Mosi yenye malipo, waliyokuwa wameiomba kwa miaka mingi, ikawaandalia gwaride kubwa Berlin, na asubuhi iliyofuata, tarehe 2 Mei, ikavamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima na kuwakamata viongozi wao. Kanisa Katoliki, kwa nia tofauti kabisa, liliweka mwaka 1955 sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi katika tarehe hiyo hiyo, na ndiyo maana Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki husali misa ya Mei Mosi kabla ya kwenda uwanjani. Uingereza iliiingiza Mei katika sikukuu zake mwaka 1978, lakini kwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ili isikatize wiki. Afrika Kusini iliisubiri hadi ubaguzi wa rangi ulipoanguka. Huko, tarehe 1 Mei 1950, polisi waliua watu 18 katika mgomo wa kupinga sheria za ukandamizaji karibu na Johannesburg, na nusu karne karibu ikapita kabla siku hiyo haijawa sikukuu halali. Huko Oman, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wana ndugu, tarehe 1 Mei si sikukuu.

Kuhusu kwetu, ningependa nikae kidogo, kwa sababu umemtaja baba yako. Mei Mosi ya Tanzania ina utaratibu unaoujua: maandamano ya taasisi moja moja yakiwa na mabango na magari ya maonyesho, zawadi kwa wafanyakazi hodari, risala ya shirikisho la vyama, kisha hotuba ya mgeni rasmi, ambaye kwa kawaida ni Rais, huku kila sikio likingoja neno moja tu kuhusu mshahara. Wakati mwingine neno hilo hutolewa, kama mwaka 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hilo ni jambo la maana kwa maelfu ya familia. Lakini katika sherehe nyingi nilizohudhuria sijasikia jukwaani jina la Chicago, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sijasikia pia majina ya kwetu.

Na majina yapo. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandarini, wa reli na wa majumbani, waliusimamisha mji kwa karibu wiki mbili, wakikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishiwa Baringo. Septemba mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri kuelekea bara kwa njia ya reli, yaani kwa njia ile ile ambayo baba yako alikuja kuitumikia. Zanzibar ilifuata kwa mgomo wake mkubwa mwaka 1948. Huko Nairobi, Fred Kubai na Makhan Singh waliunda shirikisho la kwanza la vyama vya Afrika Mashariki, nao waliichagua kwa makusudi tarehe 1 Mei 1949. Mwaka mmoja baadaye wote wawili walikamatwa, Nairobi ikagoma kwa siku kadhaa kuwadai, na Makhan Singh hakupata uhuru wake hadi mwaka 1961. Tanganyika ilipata shirikisho lake mwaka 1955, na katibu mkuu wake, Rashidi Kawawa, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu Januari 1962.

Kwa hiyo nikilinganisha, naona kwamba Marekani imebaki na makaburi lakini imeipoteza tarehe, na sisi tumeishika tarehe lakini tumeachilia simulizi. Sijui ni lipi baya zaidi. Tarehe iliyohifadhiwa angalau inampa mtu kama wewe sababu ya kuuliza.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama mwajiri wako ana haki ya kukuweka kazini hata kwenye hiyo Labor Day bila nyongeza. Hapa ni lazima utofautishe sheria za nchi mbili. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu iliyotajwa na sheria, alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Marekani, sikukuu 11 za serikali kuu zinawafunga waajiri wa serikali kuu. Kampuni binafsi hailazimiki na sheria hiyo kufunga wala kuongeza malipo. Sheria kuu ya ujira ya mwaka 1938 inakupa malipo ya mara moja na nusu pale tu unapovuka saa 40 katika wiki, haijalishi ni siku gani. Zaidi ya hapo, haki yako inatoka katika mkataba wako au katika makubaliano ya chama cha wafanyakazi, kama kipo mahali pako pa kazi. Soma mkataba huo, na kama hakuna chama, jua kwamba wale walioandamana mwaka 1882 hawakulipwa siku hiyo.

Kwa vile uko Chicago, usiishie kusoma. Katika mtaa wa Desplaines, karibu na makutano na mtaa wa Randolph, kuna sanamu iliyowekwa mwaka 2004 inayoonyesha watu wakiwa juu ya mkokoteni, mahali ambapo mkokoteni wa Fielden ulisimama. Kwenye msingi wake, vyama vya wafanyakazi kutoka nchi mbalimbali hubandika vibao vyao kadiri miaka inavyokwenda. Kisha panda treni ya mstari wa buluu hadi kituo cha mwisho, Forest Park, halafu uende kwa miguu kuelekea kusini hadi makaburini. Mnara wa wale walionyongwa umo humo tangu mwaka 1893, ulizinduliwa siku moja tu kabla ya Altgeld kutoa msamaha wake: mwanamke wa shaba aliyesimama mbele ya mtu aliyelala, akimwekea taji kichwani, na chini yao yameandikwa maneno ya mwisho ya Spies. Karibu na mnara huo amezikwa Lucy Parsons, mjane wa Albert, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, ambaye aliendelea kuisimulia kesi hiyo majukwaani hadi alipofariki mwaka 1942. Hata wahamiaji wa siku za karibuni wanaijua njia hiyo ya Mei: tarehe 1 Mei 2006, mamia ya maelfu yao, wengi kutoka Mexico kama mwenzako, waliacha kazi na kuandamana katikati ya Chicago kudai haki zao.

Kama zamu yako ya tarehe 1 Mei ni ya usiku, una mchana mzima wa kwenda. Mwombe mwenzako mfuatane.